Nyota Isiyo ya Kwetu

Nilipoombwa kuandika katika kitabu hiki nilikataa mara mbili. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alidhani naogopa kalamu kwa kuwa kazi yangu ni kamera. Sivyo. Niliogopa kwa sababu nikitakiwa kusema juu ya imani yangu, sina mahali pa kuanzia isipokuwa picha moja niliyowauzia watu 31, kila nakala Sh 20,000, na ndani ya picha hiyo mlikuwa na uongo.

Mimi ni mpiga picha hapa Mtwara. Wengi wenu mnanijua kwa harusi, Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Nimewapiga mkiwa mmevaa shela na mkiwa mmebeba jeneza. Kwetu hasa, upande wa mama, ni Ziwani, nje ya mji, na huko ndiko anakoishi mjomba wangu, ambaye ni Mwislamu kama nusu ya ukoo wetu. Wageni husikia hilo wakashangaa. Sisi wa pwani hii ya kusini hatuoni la kushangaza. Krismasi mjomba huja kula pilau kwangu, Idi mimi na wanangu huenda kwake.

Mwaka ule, wiki chache kabla ya mahafali, walinijia wanafunzi watano wa Stella Maris. Chuo mnakijua: ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza hapa Mtwara mwaka 2009. Jina lake ni la Kilatini na maana yake ni Nyota ya Bahari, mojawapo ya majina ya kale ya Mama Bikira Maria. Vijana hawa walikuwa wamechoka na picha za joho na kofia mbele ya kitambaa chenye maua. Walitaka chuo chenyewe, usiku, na nyota juu yake. Dada mmoja aliyekuwa kiongozi wao alinieleza hivi: "Kaka, huko tutakakopata kazi, tukiitazama ukutani tuione ile nyota yenyewe ya jina letu."

Nilikubali palepale na kupokea malipo ya awali.

Kupiga picha ya nyota si kubonyeza tu. Kamera huwekwa juu ya miguu mitatu isitikisike, lenzi hufunguliwa mpaka mwisho, na mwanga huachwa uingie kwa sekunde 15 au 20. Ukizidisha, nyota huacha kuwa nukta, huwa vimistari, kwa kuwa dunia inazunguka nasi tukiwa juu yake, nyuzi 15 kila saa. Ukipunguza, unaambulia giza. Na adui mkubwa kuliko wote ni taa. Taa moja ya ulinzi iliyo karibu yako inaweza kufuta mbingu nzima.

Tena ilikuwa Desemba. Mnaijua Desemba yetu: joto linakaba, mawingu yanajikusanya jioni, mvua za kupandia zinaanza. Usiku wa kwanza nilikuta mawingu. Usiku wa pili, mawingu na mbu. Usiku wa tatu nyota chache zilijitokeza kwa kama dakika kumi, hafifu, na taa zikazimeza. Nilichorudi nacho nyumbani ni mapaa, miti, na anga lenye rangi ya chai ya maziwa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mke wangu alifariki miaka miwili kabla ya hapo kwa saratani ya shingo ya kizazi, akiwa na miaka 38. Sitasimulia ugonjwa, wengi wenu mlikuja nyumbani, mkakesha, mkatulisha. Nataka kusema yaliyofuata. Watu walinipa pole na kunihimiza nimtegemee Mungu, nami nikawajibu, "Mungu ni mwema." Nikajibu hivyo miezi na miezi. Nikasimama jumuiyani kutoa ushuhuda jinsi Bwana alivyonifariji, na akina mama wakafuta machozi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimefarijiwa. Kila nilipopiga magoti usiku nilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na watoto watatu walionitazama usoni kila asubuhi, na niliona afadhali niwaonyeshe mwanga nisio nao kuliko giza nililokuwa nalo.

Kwa hiyo usiku ule wa tatu, nilipokaa mbele ya kompyuta na anga langu la rangi ya chai, mkono wangu ulikuwa umeshaizoea kazi hiyo.

Nilitafuta kwenye intaneti picha ya anga. Nikapata moja nzuri ajabu: weusi safi, nyota kama chumvi iliyomwagwa, na katikati nyota saba zilizopangwa kama kata ya kuchotea maji. Juu ya kata hiyo ilikuwapo nyota moja ya peke yake. Nikalikata lile anga, nikalibandika juu ya mapaa ya chuo, na ile nyota ya pekee nikaing'arisha mpaka ikawa nyota ya bahari kwelikweli. Kazi ya saa moja na nusu. Wanafunzi walipoiona walishangilia. Nakala nyingine zilikwenda kwa wazazi, nyingine kwa ndugu waliowalipia ada. Mama mmoja wa Masasi alinipigia simu kunishukuru. Alisema ameitundika mahali anaposalia Rozari.

Nakala ya 32 nilimpelekea mjomba, bure, katika fremu.

Mjomba alikuwa baharia kabla ya kuwa mkulima wa korosho na mihogo. Ujana wake aliumalizia kwenye majahazi, kutoka Mikindani kwenda Kilwa, Mafia na Unguja, enzi ambazo usiku baharini hapakuwa na kifaa cha kukuonyesha ulipo ila macho ya nahodha. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea picha, akatoka nayo uani kwenye mwanga. Akaisogeza karibu, akaitenga mbali.

"Hapa ni wapi?"

"Chuoni, mjomba. Pale mjini."

"Nyumba naziona. Nauliza huku juu. Ni wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hizi saba nazijua," akasema. "Kwetu huonekana jioni kusi inapoanza, mwezi wa nne, wa tano, kule kaskazini, chini. Zinapita zimepinduka, kata imemwaga maji yake. Hii yako imejaa. Tangu nizaliwe sijaiona ikiwa imejaa. Na unaniambia umepiga mwezi huu? Mwezi huu jioni kuna Kilimia, kuna zile tatu zilizofuatana. Ziko wapi?" Kisha akaweka kidole juu ya nyota niliyoing'arisha. "Na huyu simjui kabisa."

Nikamweleza habari ya mawingu. Kwamba nilikwenda mara tatu, kwamba vijana walikuwa wanasubiri, kwamba nimeongezea kidogo tu.

"Mpwa wangu," akasema, "kama kulikuwa na mawingu, si ungepiga mawingu?"

Hakuongeza neno. Aliitundika picha ndani kwa heshima, tukala muhogo na samaki, tukazungumza bei ya korosho. Lakini nilirudi mjini na swali hilo limenikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Nikaanza kusoma, kwanza kwa nia ya kumtafutia mjomba kosa. Sikulipata. Zile saba ni za kundi la Dubu, na ile ya peke yake ni nyota ya kaskazini, iliyo karibu sana na mahali ambapo anga zima la kaskazini hulizunguka. Kwa sababu hiyo haihami, na mabaharia wa kaskazini waliitegemea kuliko nyota yoyote. Lakini kadiri unavyosafiri kuja kusini ndivyo inavyoshuka, na ukivuka ikweta inazama chini ya upeo wa macho. Mabaharia wa Kiarabu waliiita al-Jah, na urefu wake juu ya bahari waliupima kwa vidole vya mkono. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyeandika juu ya njia ya kwenda Sofala, aliijua pwani yetu hii, na alijua pia kwamba huku vidole vya kuipimia al-Jah vinakwisha. Mtwara tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta. Nyota ile haijawahi kuonekana hapa tangu kuwe na Mtwara.

Lililoniuma zaidi ni hili. Katika Ulaya ya zama za kati, Stella Maris lilikuwa pia jina la nyota hiyohiyo ya kaskazini. Ndiyo kusema, bila kujua, nilikuwa nimebandika nyota yenyewe ya jina, ile waliyoniomba vijana, juu ya chuo ambacho hakiwezi kuiona hata usiku mmoja.

(Kuna habari nyingine ya jina hili ambayo siwezi kuiacha. Wataalamu wengi husema Mtakatifu Jeromu, aliyefariki mwaka 420, alipofafanua jina la Maria aliandika stilla maris, yaani tone la bahari, na kwamba mnakili fulani baadaye alibadilisha herufi moja, tone likawa nyota. Nilipoisoma nilijaribu kujifariji nayo: hata Kanisa limepata nyota kwa kosa la mnakili. Lakini yule ndugu aliteleza kalamu. Mimi sikuteleza.)

Majuma mawili baadaye nilikwenda kwenye Kitubio. Nilikuwa nimepanga kuungama picha tu. Nikaanza na picha, na jinsi nilivyokuwa nikieleza nilijisikia nikisema kwamba hii haikuwa ya kwanza, kwamba nilishabandika nyota jumuiyani mbele za watu, kwamba tangu mke wangu afe sijaona kitu chochote ninaposali na nimekuwa nikishuhudia faraja ya kuazima. Padri alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atanikemea kwa la pili kuliko la kwanza. Kuhusu picha alikuwa mkali: nimwambie ukweli kila aliyenunua, na anayetaka fedha yake nimrudishie. Kuhusu sala alisema kwa upole niende nikasome Zaburi ya 88 nione inaishia wapi, kisha nimwambie kama mtunzi wake alibandika kitu mwishoni. Akaniambia pia juu ya Mtakatifu Teresa wa Kalkuta, ambaye barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zinaonyesha kwamba kwa miaka mingi sana, huku akiokota maskini barabarani, ndani yake aliona giza. "Ukisali," aliniambia, "sema unachokiona. Kama huoni, sema sioni. Hiyo nayo ni sala."

Nilikwenda nikaisoma Zaburi hiyo. Inaishia gizani. Hakuna alfajiri iliyobandikwa mwishoni. Nimekuwa Mkatoliki tangu utoto na sikuwa nimegundua kwamba sala ya namna hiyo imo ndani ya Biblia.

Kuwapigia simu watu 31 ni kazi ambayo simtakii mtu. Wengi walicheka, mmoja aliniuliza kwa nini nampotezea muda, picha ni picha. Wanne walitaka fedha zao, nikazituma, Sh 80,000, na mwezi huo tulikula dagaa kuliko kawaida. Yule mama wa Masasi alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa namwomba Mama, siyo karatasi yako. Lakini hela nirudishie." Alikuwa mmoja wa wale wanne.

Aliyeumia kweli ni yule dada kiongozi. Alikuwa amesimama mbele ya wenzake akaichangisha fedha hiyo. Alisema maneno machache yaliyonistahili, halafu akauliza kama picha ya kweli inawezekana. Nikamwambia inawezekana, ila haitakuwa nzuri kama ile. Akasema, "Hilo tutaamua wenyewe tukiiona."

Nikasubiri mvua ziishe.

Mwezi wa sita kusi inavuma, hewa imekauka, na usiku wetu unakuwa safi. Nilichagua siku za giza, kabla mwezi haujaandama, na kwanza nikaenda Ziwani. Niliona aibu kurudi chuoni na kamera kabla sijajua ninachokitazama. Nilimkuta mjomba amemaliza sala ya isha, amekaa kwenye mkeka nje. Nilipozima tochi, macho yalichukua muda kuzoea. Kisha anga likafunguka. Njia Nyeupe ilikuwa imelikata kutoka upande hadi upande, na weusi ulio katikati yake ulionekana kama moshi wa jikoni. Nilizaliwa chini ya anga hilo. Nina miaka 44, na sikumbuki kama nilishawahi kukaa nikalitazama kwa nusu saa.

Kusini, juu ya mikorosho, zilisimama nyota nne. Sisi tunaziita Msalaba wa Kusini. Mjomba huziita zile nne tu, na sikubishana naye. Saa 2 usiku zilikuwa wima, zikianza kidogo tu kuinamia magharibi. "Tazama mguu wao," alisema. Akanyoosha mkono, akashuka nao kutoka kwenye nyota ya chini, akashuka, akashuka, urefu wa zile nne mara nne na zaidi, akasimama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Hapo," akasema.

"Hapo pana nini?"

"Hapana kitu. Ila zote zinapazunguka. Weka ngumi."

Nikanyoosha mkono, nikakunja ngumi, nikaiweka juu ya upeo wa macho. Pale ngumi ilipoishia ndipo kidole chake kilipokuwa. Nilishasoma vitabuni kwamba ngumi kwenye mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, na kwamba ncha ya kusini ya anga hukaa juu kwa nyuzi sawasawa na umbali wako kutoka ikweta. Mjomba hakusoma hayo mahali popote. Alisema ndivyo walivyomfundisha, kwamba ukiwa Mikindani ni ngumi moja na ukiwa Unguja ngumi inapungua. Vitabu vinasema ipo nyota moja karibu na ncha hiyo, lakini ni hafifu kiasi kwamba hata gizani jicho huiona kwa taabu, na ikiwa chini vile ndani ya ukungu wa Ruvuma huna habari nayo. Watu wa kaskazini wamepewa taa. Sisi tumepewa mahali.

Nilimuuliza walifanyaje usiku wa mawingu. Akasema unakumbuka ulipoziona mara ya mwisho, na unasikiliza wimbi. Upepo hugeuka mara kwa mara, lakini wimbi kubwa la kusi haligeuki upesi. Linakuja kutoka kulekule hata usipoona. Nahodha mwoga ndiye anayesema ameona nyota ilhali hajaona, kwa sababu anaogopa mabaharia wake watahangaika.

Sikujibu. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu jumuiya na ushuhuda wangu.

Tulikaa mpaka saa 8 usiku, yeye akisinzia na kuamka. Zile nne zilikuwa zimelala karibu na miti, na nyingine zimepanda upande wa pili. Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu cha Ayubu, sura ya 9, ambako anahesabu kazi za Mungu angani. Anataja Dubu, Orioni na Kilimia kwa majina. Halafu anafika upande wa kusini, na hapo hataji jina la nyota hata moja. Anasema tu kwamba huko nako ni kazi yake. Sikuwahi kuwa na sababu ya kuutazama mstari huo. Usiku ule niliona kwamba na sisi tumo.

Siku mbili baadaye nilikwenda chuoni, kwa ruhusa, nikaelekeza kamera kusini. Wenzangu wa kazi hii hupiga picha nyingi fupi, sekunde 30 kila moja, kisha huzipanga moja juu ya nyingine kwa kompyuta mpaka njia za nyota zikamilike. Si uongo, kila mwanga ulikuwapo mahali pake. Lakini mlevi aliyeacha pombe hapiti hata mtaa wenye kilabu. Nikaamua nitapiga mara moja tu: kuuacha mwanga uingie dakika 40 mfululizo, na kitakachotoka ndicho.

Shida ikawa ileile taa ya ulinzi. Niliomba izimwe. Mlinzi, kijana wa Newala, alikataa, na alikuwa na haki. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Akaizunguka kamera, akatazama nilichokuwa nakitafuta, akavua koti lake. "Mwanga huu unakusumbua ukitokea huku?" Akasimama kando ya lenzi, akalitandaza koti kati yake na taa kama mtu anayekinga moto wa jiko usizimwe na upepo.

Dakika 40 ni ndefu ukiwa umenyoosha mikono. Tulipokezana. Zamu yangu ilipokuwa ya kukaa nilichukua Rozari mfukoni, na kwa taratibu yangu dakika hizo zinatosha Rozari mbili. Niliposali nilitazama pale pa ngumi moja. Sikusikia sauti, na ningesikia ningewaandikia. Nilimwambia Mungu kwamba sioni. Nilimwambia namkumbuka mke wangu hasa saa za jioni, anapokosekana mtu wa kuniuliza kama nimekula. Kijana aliniuliza naongea na nani. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia habari za baba yake, ambazo si zangu kuziandika hapa.

Picha ilipotoka, ukuta ulio karibu na taa ulikuwa umeungua kwa mwanga, mweupe kabisa, hauna hata dirisha. Miti ilikuwa imefifia kwa upepo. Upande mmoja wa picha kuna weusi ulioingia kama bawa. Lakini juu ya mapaa, nyota zote zimechora tao zake, nyuzi 10 kila tao, fupi kwa zile za karibu na ncha, ndefu kwa za mbali, na zote zimezunguka mahali pamoja palipo patupu, kidogo tu juu ya paa.

Niliwatumia wale 31. Wengi walisema asante wakaendelea na ile ya kwanza. Nadhani bado imetundikwa katika nyumba nyingi, ile kata iliyojaa maji. Yule dada aliomba nakala ya mpya na akalipa, ingawa nilikataa asilipe. Mjomba aliitazama akasema, "Ehee, hapa ni kwetu," akaomba nimtolee ile ya zamani kwenye fremu niweke hii.

Ushuhuda wangu wa jumuiyani nao niliurekebisha, Alhamisi moja, kwa maneno machache. Hakuna aliyelia. Baada ya sala mama mmoja mjane alinifuata nje akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli inaruhusiwa kusali hivyo. Tulisimama pale getini karibu saa nzima.

Na yule mlinzi nilimpelekea nakala yake. Aliigeuzageuza akijitafuta. Nikamwonyesha ule weusi wa pembeni, ule kama bawa: ni mkono wa koti lake, uliolegea dakika za mwisho alipochoka. Alifurahi kuliko wote. Alisema ataipeleka kwa mama yake Newala, akanipa kalamu niandike nyuma kwamba mkono huo ni wa kwake. Nikaandika, nikaweka na tarehe.